Vidole Vitatu vya Pamba

Jumapili, Gatongora. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya Julai, ile ya kuvaa sweta mbili na bado ukumbatie kikombe cha chai kwa mikono yote. Hali yangu: nimekasirika, na sitaki kutulizwa.

Sijaenda kanisani. Tangu niokoke, miaka kumi na minne sasa, nimekosa ibada mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa wadi ya kujifungua. Leo sina ugonjwa wala udhuru. Gauni la kwaya limepigwa pasi, linaning'inia mlangoni. Nimekaa nikilitazama hadi mume wangu na watoto wakaondoka bila mimi.

Mezani mbele yangu kuna glavu moja nyeupe, ya mkono wa kushoto. Vidole vyake vitatu vimejazwa pamba.

Nimeitoa kwa maiti.

Shajara yangu, na wewe mwingine unayepita tu hapa na kusoma mambo ya watu, ngoja nieleze kabla hujanihukumu. Wa kunihukumu tayari wako wengi.

Jana tulimzika Mwaura. Thika yote ilimjua kama Saba, kwa sababu alikuwa na vidole saba. Vile vitatu vilibaki kwenye mashine ya kiwanda kimoja cha nguo kule Eneo la Viwanda, akiwa na miaka ishirini na miwili. Walimpa barua ya pole na kumwonyesha lango. Kwenye mkono wa kushoto alibaki na gumba na kidole cha shahada, basi. Watu walimhurumia. Yeye akaenda chumba kimoja cha pool nyuma ya bucha pale Makongeni, akapitisha fimbo kati ya vile viwili, akagundua kwamba kiganja kisicho na vidole vingine hulala bapa mezani na hakitikisiki. Haukupita muda mrefu kabla watu wa Thika hawajaacha kucheza naye kwa dau, maana hakushindika.

Mimi wakati huo nilikuwa kibarua wa kufunga biskuti, viwandani hukohuko. Jumamosi moja mchana niliingia ile bucha kununua robo ya nyama, nikasikia mipira ikigongana huko nyuma, nikachungulia. Ukitaka ukweli, sikutoka tena. Mwanamke kwenye meza ya pool siku hizo alikuwa na maana moja tu vichwani mwa wanaume, na haikuwa maana nzuri. Saba peke yake ndiye aliyenipa fimbo bila kucheka. Alinifundisha kwa miezi kadhaa na nilikuwa mwepesi wa kushika. Nilimshinda mara mbili maishani mwangu. Ile ya kwanza alidai alikuwa na homa.

Sasa, hivi ndivyo mimi na yeye tulivyokula pesa za watu.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mahali wasikotujua: Ruiru mjini, Kiuu, mitaa ya kuelekea Githurai. Kwenye meza za mtaani mshindi habanduki. Anayetaka kumkabili anaweka sarafu yake kwenye ukingo wa meza na kungoja zamu, na sarafu ikishakaa pale hakuna wa kuigusa, hata awe chifu. Saba aliingia kimya, akaweka sarafu yake kwa mkono wa kushoto, polepole, ili kila mtu auone ule mkono. Akapoteza mchezo wa kwanza. Akapoteza wa pili vibaya zaidi, mpira mweupe ukiingia shimoni kana kwamba ndiyo siku yake ya kwanza kuona meza. "Mtu akishakuonea huruma," alikuwa akiniambia, "tayari amekupa mipira miwili ya bure."

Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Nilikuwa dada yake. Dada wa kanisani, kitambaa kichwani, nimemtafuta mtaa mzima. Nilimshika shati na kupiga kelele: "Mwaura, twende nyumbani! Unatuaibisha! Mkono wenyewe ndio huo na bado unachezea pesa ya unga?"

Na wanaume wakaingia mtegoni. Hakuna mwanaume anayependa kuona mwenzake akiburutwa na mwanamke, hasa kama mwenzake huyo ni mchezaji mbovu na mfuko wake bado una kitu. "Ai, madam, wacha jamaa acheze," walisema. "Si umwachie game moja tu?" Kadiri nilivyozidi kulia, ndivyo dau lilivyopanda. Kisha Saba akaniomba msamaha mbele ya wote, akainama, akanyoosha ule mkono mezani, na mipira ikaanza kuingia mmoja baada ya mwingine. Wakati huo mimi tayari nilikuwa nimesimama karibu na mlango.

Tulidanganya watu. Sikatai. Hilo niliungama nikiwa nimepiga magoti, mbele ya yule niliyepaswa kuungama kwake, na sidhani nina haja ya kuliungama tena mbele ya kamati ya kanisa.

Lakini Saba alikuwa na miiko yake. Hakucheza na mlevi. Hakucheza na mtu aliyekuja na mtoto. Na hakumkausha mtu, mchezo wa mwisho aliuachilia makusudi ili jamaa arudi kwake na nauli.

Kuna Jumapili moja ambayo sijawahi kumsimulia mtu. Ilikuwa Kiuu, wiki mbili baada ya kumzika mama yangu. Niliingia kama kawaida, nikashika shati, nikasema twende nyumbani. Neno nyumbani likanishinda. Nililia kweli, kilio cha kamasi, kisicho na ustadi wowote. Wale wanaume walizidi kushangilia kwa sababu hawakujua tofauti. Saba aliijua. Alikuwa amebakiza mpira mweusi peke yake, ule wa kumalizia, uko mdomoni mwa shimo, hata wewe unayesoma ungeuingiza. Aliilaza fimbo mezani. Dau aliliacha palepale, akanishika bega, akasema, "Mwari wa maitu, twende." Binti wa mama yangu, twende. Tulitembea kwa miguu hadi barabara kuu. Alininunulia hindi la kuchoma, akasimama kando akanisubiri nimalize.

Nina ndugu wa damu ambao hawajawahi kunifanyia hata nusu ya hayo.

Mwaka uliofuata niliolewa, nikaokoka, tukahamia Gatongora na kufungua duka la nafaka. Saba naye, vijana walipohamia kwenye simu kubashiri mechi, aliacha kucheza akawa fundi wa meza. Alibadilisha vitambaa, akasawazisha miguu kwa vipande vya mbao, akabandika ncha za fimbo. Alizunguka kutoka Thika hadi Ruiru na mfuko wake begani. Hata meza ya pool iliyo milango mitano kutoka dukani kwangu aliivalisha kitambaa yeye. Na kila akija kuitazama alipita kwangu kununua sukari.

Sasa naandika kitu ambacho ningependa kukiruka.

Nilijifanya simjui.

Miaka yote hiyo. Wateja wakiwepo nilimwambia, "Habari yako, mzee, nikupimie nini?" Naye akajibu, "Nusu tu, Mama Wanja," akalipa, akaenda zake. Hakuwahi kunikonyeza wala kunitania. Wateja wasipokuwepo alisema tu mwari wa maitu, akicheka, nami nikamjibu huku nikichungulia barabarani. Mimi ni kiongozi wa kwaya, mwenyekiti wa akina mama. Nilikuwa na jina la kulinda, na aliyenisaidia kulilinda kuliko wote ni yeye, bila kuombwa.

Wiki iliyopita kifua kilimbana. Siku tatu hospitalini, akaenda. Nilipata habari kwenye kundi la kwaya, katikati ya ujumbe wa mazoezi ya Alhamisi.

Nilizipata huko kwa sababu kakaye mkubwa ni mzee wa kanisa letu. Mke wa kakaye, Mama Shiro, tumesimama bega kwa bega katika safu ya sauti ya pili kwa miaka minane. Nimemsikia mara nyingi akimlalamikia shemeji yake wa Thika aliyepotelea kwenye pool, na nikatikisa kichwa kwa masikitiko pamoja naye. Ndiyo. Nilitikisa.

Kwa hivyo jana nilienda kama kwaya, si kama mtu wa Saba. Kwenye kijitabu cha mazishi, picha yake ilikatwa shingoni. Wasifu ulisema alijishughulisha na biashara mbalimbali. Neno pool halikuwemo, wala ufundi wa meza. Wachezaji wenzake walikuja, wanaume kama kumi na wawili waliovalia makoti ambayo unajua kabisa ni ya kuazima, wakaambiwa wasimame kule kwenye ua kwa sababu viti ni vya familia. Ratiba imejaa, hakuna nafasi ya marafiki kuongea.

Nyumbani kwao ni nje kidogo ya Thika. Jeneza lilifunguliwa pale uwanjani watu watoe heshima za mwisho, na kwaya ikapita kwanza ikiimba. Saba alikuwa amevaa suti ya kijivu ambayo hakuwahi kuwa nayo, mikono imepangwa kifuani, imevishwa glavu nyeupe. Nilihesabu. Huwezi kuwa umemjua Saba halafu usihesabu.

Kumi.

Mama Shiro aliniona nimekodoa macho. Akaninong'oneza, tena kwa fahari, "Hiyo pamba nimeijaza mimi mwenyewe. Nikasema, jamani, huyu mtu aende kwa Mungu akiwa kamili. Si hata wewe unaona amependeza?"

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Sikujua kuna watu wangelichukua neno hilo lilivyo, wakakungoja ufe ndipo wakuumbe kwa pamba.

Mama Shiro si mtu mbaya, wacha niandike hilo pia. Alikaa na ile glavu akiichomekea pamba kidogo kidogo, na alifanya hivyo kwa upendo. Ndiyo maana hasira yangu ilikosa pa kwenda. Mkono ule ndio uliomlisha miaka yote. Ndio ulionishika bega kule Kiuu. Mimi nilipiga kelele mara mia kwamba anatuaibisha, na kila mara nilikuwa naigiza. Hawa walimaanisha.

Nikaivuta ile glavu.

Ilitoka kwa urahisi. Nilitafuta ile rangi ya buluu ya chaki ya kupaka fimbo kati ya gumba na shahada, mahali ilipokaa tangu nimjue, hata akiwa fundi, hata akija kununua sukari. Haikuwepo. Walikuwa wamemsugua ikaisha.

Wimbo ulikatika. Mama Shiro alinikamata kiwiko. "Mama Wanja! Ngai! Unafanya nini?" Kakaye akasimama na ile sauti ya wazee wa kanisa, akasema ni huzuni tu, watu wangu, mshikeni akae, apewe maji. Unaona mwenyewe, mlango alinifungulia. Ningekaa kwenye kiti, nikanywa maji, na leo ningekuwa mbele ya kanisa nimevaa gauni lile.

Kabla sijaamua, sauti ikatoka kule kwenye ua. "Ngojeni! Ngojeni kwanza! Si huyu ndiye ule dada yake? Wee! Huyu mama alinililia Kiuu mpaka nikaweka jacket yangu dau! Nilirudi home na vest!"

Wenzake wakaangua kicheko. Kwenye mazishi. Na Mungu anisamehe, nilicheka pia, machozi yakinitiririka, glavu mkononi.

"Dada gani?" kakaye akauliza. "Sisi kwetu hatuna dada."

"Wa uongo," nikamjibu. "Miaka sita."

Sikutoa hotuba. Sijui hata kama niliongea dakika mbili. Niliwaambia huyu mtu alikuwa mchezaji wa pool na fundi wa meza za pool, na kama kijitabu hakina nafasi ya kusema hivyo, mimi ninayo. Niliwaambia habari ya mpira mweusi aliouacha mdomoni mwa shimo. Nikasema kwamba nilimwita aibu mbele ya watu kila Jumapili kwa miaka sita na ile ilikuwa kazi, kisha nikamwonea aibu dukani kwangu kwa miaka kumi na minne na hiyo haikuwa kazi, na kwamba kati ya hayo mawili mimi najua dhambi ni ipi. Saba hakuwahi kuniaibisha hata siku moja. Hayo ya mwisho niliyasema kwa sauti ambayo kwaya yangu haijawahi kuisikia.

Kisha wale wa kwenye ua wakaja mbele bila kuitwa. Walipanga foleni, kila mmoja akaugusa ule mkono wenye vidole viwili, na yule wa Kiuu akaushika muda mrefu kuliko wote. Hakuna aliyewazuia. Kifuniko kilifungwa mkono ukiwa wazi, na hivyo ndivyo alivyozikwa.

Jana jioni ujumbe ulikuja kwenye simu. Kikao cha viongozi, Jumanne saa nane, kuhusu ushuhuda wangu. Kwa sasa nimepumzishwa kuongoza kwaya. Nilijua utakuja. Inauma, sitajifanya haiumi. Kwaya ile niliianza na watu sita na kinanda chenye funguo nne zilizokufa, na kuna nyimbo mle ambazo mimi peke yangu ndiye ninayejua zinapoanzia.

Baba Wanja alikuwa ameshaambiwa na watu kabla sijafika nyumbani. Hakuwahi kujua. Alikula ugali wake wote, nami nikakaa nikingoja kama mshtakiwa. Mwishowe akauliza swali moja tu.

"Uliwahi kumshinda?"

"Mara mbili," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akaondoa vyombo. Bado sijui alimaanisha nini. Leo amewapeleka watoto kanisani bila kunisihi, lakini nilikuta sweta langu amelianika karibu na jiko lipate joto.

Jumanne nitaenda. Nitawaambia kwamba uongo niliutubu zamani, lakini mtu simtubu. Wakitaka gauni lao, liko tayari, hata kola nimeinyoosha. Nimeishi miaka kumi na minne nikiogopa siku hii, na sasa imefika naona ni siku tu, ina baridi na chai kama nyingine.

Saa hizi ni saa sita na nusu. Ibada ya pili hutoka saa saba, na watu wote wa upande huu hupita mbele ya ule mlango wa chumba cha pool, milango mitano kutoka dukani kwangu. Ningeweza kwenda Thika, kwenye kile chumba nyuma ya bucha, ambako hakuna wa kunishangaa. Hiyo ingekuwa kujificha tena, ila kwa heshima zaidi. Naenda hapa hapa, kwenye kitambaa alichokitandaza Saba mwenyewe.

Nimeitoa pamba kwenye glavu, kipande kwa kipande. Imekuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Glavu yenyewe nitamrudishia Mama Shiro, kwa sababu aliinunua kwa nia njema, na siku moja huenda akataka kuniuliza habari za shemeji yake, zile za kweli.

Sijashika fimbo kwa miaka kumi na minne. Vidole vyangu vyote kumi vimekakamaa kwa baridi, na huenda vijana wa pale wakanicheka hadi Jumatatu. Wacheke. Sarafu ninayo mfukoni. Nitaiweka ukingoni mwa meza, nitasimama pale ningoje zamu yangu, mlango ukiwa wazi.

Nione nani ataigusa.